Petroli haiokolewi na gari peke yake

Magari ya haibridi, yaani yale yenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja, yameanza kuzoeleka katika barabara za Moshi. Huonekana kwenye maegesho ya ofisi za serikali, katika viwanja vya shule za sekondari, na kwenye njia zipandazo Kibosho, Machame na Marangu. Mengi yaliwahi kutumika Japani kabla ya kuletwa nchini, na mengi hununuliwa na watu wa mshahara, wakiwamo walimu, wauguzi na maofisa wa halmashauri, ambao hukopa katika chama cha akiba na mikopo na kukubali kukatwa kila mwisho wa mwezi kwa miaka kadhaa.

Watu hawa hawakuvutwa na fahari ya gari jipya. Mwezi Agosti 2022 bei kikomo ya petroli iliyotangazwa na EWURA kwa Dar es Salaam ilipita shilingi 3,400 kwa lita, ingawa Serikali ilikuwa imeanza mwezi Juni mwaka huo kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Mshahara haukupanda kwa kasi ya pampu. Ilikuwa ni haki kabisa kwa mtumishi mwenye familia kutafuta gari linalokunywa kidogo.

Hata hivyo, manung'uniko hayakukawia. Mnunuzi aliambiwa kwamba lita moja itampeleka kilometa 35. Akaanza kuliendesha gari lake kati ya mjini na kijijini, akajikuta anapata 17 au 18. Humlaumu wakala aliyemwagizia gari, halafu kituo cha mafuta, na mwishowe fundi. Baadhi ya lawama hizo huenda zina ukweli. Lakini chanzo cha tofauti hiyo mara nyingi kimo katika namna tarakimu ile ya 35 ilivyopatikana, katika ardhi ambayo gari linapita, na katika mguu wa dereva.

Gari dogo la Toyota Aqua lilipoanza kuuzwa Japani mwezi Desemba 2011 lilitangazwa kwenda kilometa 35.4 kwa lita. Tarakimu hiyo si ya uongo, ila yafaa ieleweke ilikotoka. Ilitokana na kipimo cha Kijapani kiitwacho JC08, ambacho hufanyika ndani ya jengo, gari likiwa limesimama huku magurudumu yake yakizunguka juu ya magogo ya chuma. Kipimo hicho huchukua dakika 20 hivi, masafa yake hayafiki kilometa 9, mwendo wake wa wastani ni kilometa 24 kwa saa, na kiyoyozi huwa kimezimwa. Hakuna mlima ndani ya jengo lile, wala upepo wa mbele, wala mkungu wa ndizi kwenye buti.

Wamarekani walikwisha kulionja jambo hili. Gari la Toyota Prius la kizazi cha pili lilikuwa likihesabiwa kwao kwenda maili 55 kwa galoni, sawa na kilometa 23 kwa lita. Serikali yao ilipoubadilisha utaratibu wa kukokotoa kwa magari ya mwaka 2008, ikazingatia mwendo wa kasi, matumizi ya kiyoyozi na baridi, gari lile lile likashuka hadi maili 46, yaani chini ya kilometa 20 kwa lita. Hakuna msumari uliobadilishwa katika gari. Kilichobadilika ni mizani.

Kwa mtu wa mshahara tofauti hii si ya mchezo. Chukua mwalimu anayetembea kilometa 1,000 kwa mwezi, ambaye gari lake la zamani lilimpa kilometa 12 kwa lita, na petroli ikawa shilingi 3,000. Gari la zamani lilikula lita 83. Akiamini tarakimu ya 35, anatarajia kutumia lita 29 tu na kuokoa shilingi 160,000 na zaidi kila mwezi. Akipata 17, atatumia lita 59 na kuokoa kama shilingi 73,000. Bado ameokoa, na si haba. Lakini kama alipanga marejesho ya mkopo kwa hesabu ya kwanza, zaidi ya nusu ya akiba aliyoitegemea haipo, na pengo hilo litazibwa na ada ya mtoto.

Hapo ndipo mlima unapoingia katika hesabu. Sifa kuu ya haibridi ni kwamba halitupi nguvu yote ya mwendo linapopunguza kasi. Gari la kawaida likikanyagwa breki, mwendo wake hugeuka joto kwenye pedi na kupotea hewani. Haibridi huigeuza mota yake kuwa jenereta, ikarudisha sehemu ya nguvu ile katika betri, na baadaye umeme huo hulisukuma gari injini ikiwa imezimwa. Kwa sababu hiyo wengi wameamini kwamba mkazi wa mlimani ndiye atakayefaidi kuliko wote, kwa kuwa kila siku anao mteremko wa kumrudishia petroli aliyoitumia kupanda.

Imani hiyo ina kasoro. Kutoka Himo hadi lango la Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro lililoko Marangu, gari hupanda takriban meta 1,000. Gari la kilo 1,300 pamoja na abiria wake huhitaji kwa kupanda huko tu, mbali na kazi ya kusukuma hewa na kuzungusha matairi, nishati inayolingana na yuniti tatu na nusu za umeme wa LUKU. Kwa petroli, hiyo ni zaidi ya lita moja. Sasa itazamwe betri. Ile ya Aqua haifiki yuniti moja. Ya Prius ya miaka hiyo ni yuniti moja na sehemu ya tatu hivi. Tena kompyuta ya gari hairuhusu betri ijazwe hadi ukingoni wala ikauke kabisa, ili isife mapema, hivyo kinachotumika kweli hakizidi nusu ya kiasi hicho.

Mchaga anaijua hali hii bila kufundishwa na mhandisi. Maji ya mfongo hukusanywa usiku katika nduwa, nayo nduwa ikijaa, maji yanayoendelea kuja hufurika na kwenda zake, hata kama shamba la chini linayahitaji. Betri ya haibridi ni nduwa ndogo chini ya mfereji mkubwa. Dereva ateremkaye kutoka langoni huona alama ya betri ikijaa kabla hajamaliza makona, na nguvu ya sehemu kubwa ya mteremko uliobaki haina pa kuwekwa.

Kwa hiyo mteremko haulipi deni lote la mwinuko. Hulipa sehemu, na ukubwa wa sehemu hiyo uko mikononi mwa dereva. Anayeshuka polepole, akigusa breki kwa wepesi na mapema kabla ya kona, huiachia mota nafasi ya kukusanya. Anayekimbia na kukanyaga breki kwa nguvu mbele ya kila kona huzilazimisha breki za kawaida zifanye kazi, na nguvu ile huishia katika harufu ya pedi zilizoungua. Na betri ikisha kujaa, iko nafasi ya gia iliyoandikwa herufi B, ambayo huifanya injini ilizuie gari bila kuunguza petroli, breki zikapumzika. Nafasi hiyo ni ya miteremko mirefu. Mwenye kuitumia kila mahali hupoteza umeme ambao angeukusanya.

Ipo tabia moja inayostahili kukemewa bila kuoneana haya. Madereva wa siku nyingi wamezoea kulitoa gari kwenye gia wakati wa kuteremka, likaserereka katika nyutro, kwa kudhani kwamba wanaokoa mafuta. Katika gari la kawaida ni hatari, kwani breki hubaki peke yake na hupata moto. Katika haibridi ni hatari na ni hasara pia: gari likiwa katika nyutro, mota haizalishi umeme na betri haipati kitu. Dereva wa namna hiyo anazitupa fedha zile zile alizokopa ili kununua mota hiyo, na papo hapo anawaweka roho juu abiria wake na watoto wa shule wanaotembea kando ya barabara ya Marangu.

Mjini mambo ni mengine. Katika mzunguko wa Mnara wa Saa na foleni za jirani na stendi, injini ya haibridi huzimika gari linaposimama na mota hulianzisha tena taratibu. Huko ndiko gari hilo linakostahili sifa zake. Katika barabara kuu ya kwenda Arusha au Same faida hupungua, kwa kuwa breki haziguswi mara nyingi na injini ndiyo inayofanya kazi karibu wakati wote. Aidha, upinzani wa hewa hukua haraka kuliko mwendo: anayetoka kilometa 80 kwa saa kwenda 110 anakutana na upinzani wa karibu mara mbili. Askari mwenye tochi pale Boma Ng'ombe hapendwi na madereva, lakini kwa upande wa petroli ni rafiki yao mkubwa.

Safari fupi nazo zina gharama isiyoonekana. Asubuhi za Juni na Julai huko Uru na Old Moshi ni za baridi, na injini ya haibridi ikiwashwa katika baridi hufanya kazi mfululizo hadi ipate joto, hata kama betri ina umeme. Mwalimu anayeishi kilometa mbili kutoka shuleni hufika kabla joto hilo halijatimia. Huyo amenunua haibridi akapata gari la kawaida, na kwa kweli miguu yake ingemfaa zaidi.

Kuna pia jambo dogo ambalo wauzaji hawalisemi. Betri kubwa ya magari haya hupozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari, kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Gari la kijijini hubeba ndizi, magunia ya mahindi na majani ya ng'ombe, na mara nyingi mzigo huo huliziba tundu hilo, au vumbi la tambarare huujaza wavu wake. Betri ikipata moto hupunguza kazi na huchakaa mapema. Wavu husafishwa kwa dakika chache. Betri mpya ni mishahara kadhaa.

Mwenye gari atajuaje basi anachopata? Asiitegemee tarakimu ya dashibodi peke yake, ambayo mara nyingi hujipendelea. Ajaze tangi hadi pampu ijikate, aandike kilometa, aendeshe kama kawaida yake, kisha ajaze tena katika pampu ile ile na kugawanya kilometa kwa lita zilizoingia. Kilometa 540 kwa lita 30 ni 18. Afanye hivyo kwa matangi matatu au manne, kwani moja hudanganya. Mkulima wa kahawa hapokei neno la mtu mwingine juu ya uzito wa gunia lake, husimama mwenyewe mbele ya mizani. Hakuna sababu kwa nini mwenye shahada ya ualimu apokee neno la tangazo la gari. Matairi nayo yapimwe upepo kabla ya kuanza hesabu hiyo, kwani tairi laini hula petroli kimyakimya na hesabu yote ikaharibika.

Tanzania huagiza kutoka nje petroli yake yote, na ile inayouzwa Kilimanjaro, kama ya Arusha na Manyara, huhesabiwa bei kwa kuanzia bandari ya Tanga. Wazee wanaikumbuka miaka ya uhaba ya 1970 na 1980, wakati magari ya binafsi yalipokatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana ili fedha za kigeni zisiishie katika matembezi. Amri ile ilipunguza safari, lakini haikuweza kuufikia mguu wa dereva siku ya Jumatatu.

Daftari la safari linaweza kuufikia. Kila gari la serikali lina daftari ambamo huandikwa kilometa na lita. Katika ofisi nyingi daftari hilo hujazwa kwa ajili ya mkaguzi, halafu hufungwa. Maofisa usafirishaji wa halmashauri za Moshi, Hai, Siha na Rombo wangeweza kuanza na zoezi lisilohitaji fungu jipya: kila mwisho wa mwezi wagawanye kilometa kwa lita kwa kila gari na kwa kila dereva, na matokeo yabandikwe ukutani karakana. Madereva wawili wakipishana sana kwa gari lile lile na njia ile ile, yule wa juu ampandishe mwenzake Marangu na kumteremsha, amwonyeshe mahali anapoachia mafuta na mahali anapogusa breki. Zoezi hilo litangulie maombi yoyote ya kununua haibridi kwa fedha za umma, ili bajeti itakapofika mezani iwe na tarakimu zilizopimwa kati ya Himo na langoni, na siyo zile zilizopimwa ndani ya jengo huko Japani.