Kompyuta zaharakisha majarida ya kitaaluma, hukumu yabaki kwa wahariri

KWA mhadhiri anayesubiri kupandishwa cheo, makala iliyokwama kwa mhariri wa jarida la kitaaluma ni sawa na mshahara uliokwama. Vyuo vikuu vingi, vikiwamo vya Afrika Mashariki, huwapima wanataaluma kwa makala walizochapisha, na jarida lenye heshima halichapishi makala kabla haijapitiwa na wataalamu wa fani hiyo.

Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa bahasha. Nakala za muswada zilitumwa kwa posta, na mhariri aliandika daftarini nani amepewa na lini atarejesha. Bahasha ikipotea, miezi ilipotea nayo.

Programu za kompyuta zimebadili utaratibu huo. Mojawapo ya zinazotumika sana ni Open Journal Systems, iliyotolewa mwaka 2001 na mradi ulioasisiwa na Profesa John Willinsky mwaka 1998 katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Canada. Mwandishi huingiza muswada mwenyewe, mhariri huteua wapitiaji, nao hukumbushwa kwa barua pepe siku zinapokaribia kwisha. Kwa kuwa programu hiyo hutolewa bure, imevifaa vyuo visivyo na fedha nyingi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa vinavyoitumia.

Hata hivyo, kasi ni jambo moja na uadilifu ni jambo jingine. Julai 2014, kampuni ya uchapishaji ya SAGE ilizifuta makala 60 za jarida moja la uhandisi baada ya kubaini kuwa mfumo wake wa kompyuta ulikuwa umeingizwa wapitiaji bandia. Utambulisho wa uongo uliotiliwa shaka ulifikia 130. Waziri wa Elimu wa Taiwan, Chiang Wei-ling, ambaye jina lake lilikuwamo katika baadhi ya makala hizo, alijiuzulu mwezi huohuo huku akikana kuhusika.

Mlango wa udanganyifu wa aina hiyo ni mwepesi. Majarida mengi humruhusu mwandishi kupendekeza wapitiaji wake. Akitoa jina la profesa wa kweli na anwani ya barua pepe aliyoitengeneza mwenyewe, mfumo huipeleka kazi kwenye anwani hiyo bila kuuliza, na mshtakiwa akageuka hakimu. Mwaka 2023 zaidi ya makala 8,000 za majarida ya Hindawi zilifutwa, nyingi kwa sababu mapitio yake hayakuaminika.

Programu hujua tarehe, lakini haijui nani yuko nyuma ya anwani. Muda unaookolewa kwenye bahasha hauna budi kutumika kumhakiki mpitiaji, kwa kuwa makala ikifutwa, humwaibisha hata mtafiti mwaminifu aliyeitegemea.