Ufa uliofichwa chini ya Garissa

Shuleni tulichorewa miamba, ufa umeikata katikati, tukaulizwa: kipi kilitangulia? Nilikariri, nikapata alama, nikasahau. Nadhani wengi wenu pia.

Kanuni zenyewe ni nyepesi. Tabaka la chini kwa kawaida ni la kale kuliko la juu. Ufa umetokea baada ya tabaka unalolikata. Na tabaka linalopita juu ya ufa bila kukatika limekuja baada yake. Sisi waandishi wa programu tunasoma historia ya msimbo vivyo hivyo.

Sasa tazama Garissa na Wajir. Tambarare tupu, utadhani hapana ufa. Kumbe chini lipo bonde la ufa la Anza, lililopanuka enzi za dinosau, kisha likafukiwa na mashapo yenye unene wa kilomita kadhaa. Katika mashapo ya juu ndimo yalimo maji ya Merti, yanayonywewa Dadaab na Habaswein. Katikati ni matamu, pembeni ni ya chumvi. Ukikosea mahali pa kuchimba, pesa zimekwenda na mifugo ina kiu bado.

Maoni yangu? Kila kisima kinachochimbwa kwa mashine hutoa vipande vya udongo na mawe. Shule jirani iviombe, wanafunzi wavipange kwa kina, waingize kwenye kompyuta, walinganishe visima viwili. Tabaka la mchanga likishuka ghafla kati yake, wabishane: ni ufa, au ni mto wa kale? Hilo halikaririki.

Walimu mlioko huko, mnaonaje?