Fundi wa Nyumbani: Nati Zilizokataa Kufunguka

Msomaji wetu mmoja wa Kaplong, mkulima wa chai, ametuletea swali ambalo twaona yafaa lijibiwe mbele ya wote, maana lililompata yeye huwapata wengi. Pikipiki yake haijafunguliwa gurudumu la nyuma tangu alipoinunua, na sasa yapata miaka miwili na zaidi. Tairi imekwisha. Kila asubuhi yeye huipeleka shuleni na watoto wawili, kisha hurudi kupakia majani mabichi ya chai mpaka kituo cha kupimia. Alipojaribu kuifungua nati ya ekseli, spana iliteleza ikamchubua vidole, na nati haikusogea hata unywele. Jirani amemshauri aimwagie petroli kidogo na kuiwasha kwa kiberiti, ili chuma kipate moto kilegee. Atuuliza kama shauri hilo ni jema.

Twamjibu kwa neno moja: asithubutu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kujikusanya mahali asipopaona mtu, nao huwaka wote kwa mara moja. Tena petroli ya kujaza kifuniko cha chupa huzimika kabla chuma kinene kama kile hakijapata joto la kutosha. Basi mtu huongeza kidogo, akaongeza tena, na juu yake liko tangi, na kando yake iko tairi. Jirani huyo hakukusudia mabaya, lakini shauri lake ni la kuunguza nyumba.

Sasa tuitazame nati yenyewe. Chuma kikipatana na maji na hewa hugeuka kutu, na kutu hutaka nafasi zaidi ya maradufu ya kile chuma kilicholiwa. Nafasi iliyopo kati ya meno ya nati na meno ya bolti ni nyembamba sana. Kutu ikijaa humo, nati hubanwa kana kwamba imepigiwa kabari. Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet mvua hunyesha karibu miezi yote ya mwaka. Pale Kaplong penyewe, njia panda ambapo barabara itokayo Kericho kwa kupitia Litein hukutana na ile ya Bomet iendayo Sotik na Kisii, lami ipo. Lakini majani ya chai hayaoti juu ya lami. Pikipiki hushuka katika tope jekundu asubuhi na kulala na tope hilo usiku, wala haipati siku ya kukauka.

Dawa ya kwanza ni muda. Bwana huyu achague siku ambayo gari la majani haliji, na kazi aianze jioni ya siku iliyotangulia. Asugue kwa brashi ya waya mpaka meno ya bolti yaliyotokeza nje ya nati yaonekane safi, na kama kuna pini iliyopenyezwa aitoe. Kisha atie mafuta ya kupenya yauzwayo makoponi. Akiyakosa, achanganye dizeli na oili nyepesi kidogo, atie matone machache kwa unyoya wa kuku. Aigonge nati kwa nyundo ndogo pande zote, si kwa hasira, ila kwa kuitikisa, maana mtikiso hufungulia mafuta njia. Afanye hivyo tena kabla ya kulala, na tena alfajiri. Yapasa matone yawe machache kweli, kwa sababu katika pikipiki nyingi breki ya nyuma imo ndani ya gurudumu lilo hilo. Mafuta yakizifikia pedi, breki haitashika vema, na vilima vya huko msomaji wetu avijua kuliko sisi.

Spana nayo ina neno lake. Spana ya mdomo wazi hushika pande mbili tu za nati, na ikisukumwa sana mdomo hupanuka, ndipo vidole huchubuka. Atumie spana ya pete au ya bokisi, yenye pembe sita ndani, iliyo sawasawa na kipimo cha nati. Zile za pembe 12 ni nzuri kwa nati iliyo nzima, lakini kwa nati iliyoliwa na kutu huvunja ncha zake. Ile ya mdomo wa kupanuka aiache sandukuni. Mtu wa pili aishike pikipiki isianguke, na upande wa pili wa ekseli kichwa chake kishikwe kwa spana nyingine, la sivyo ekseli nzima itazunguka pamoja na nati.

Kabla ya kufungua, aikaze nati kidogo. Wengi hucheka wakisikia hivi, lakini kutu huvunjika kwa kusogezwa upande wo wote, nao upande wa kukaza mara nyingi hukubali kwanza. Kisha aigeuze kinyume cha mwendo wa saa, akivuta kuelekea kwake badala ya kusukuma. Pigo moja kali la nyundo kwenye mkono wa spana hushinda kuning'inia kwa uzito wa mwili mzima. Ikisogea robo ya mzunguko, airudishe nyuma, aongeze mafuta, aendelee tena.

Nati ikitoka, huenda ekseli ikakataa kuchomoka, kwa kuwa imeshika kutu ndani ya bomba lake. Hapo ndipo wengi huipiga nyundo nchani na kuyavunja meno yake. Sharti nati irudishwe mpaka iwe sawa na ncha ya ekseli, kijiti cha mti mgumu kiwekwe juu, ndipo ipigwe. Na kama nati yenyewe haikutoka kabisa, basi ikatwe: msumeno wa chuma upite ubavuni mwake ukifuata urefu wa ekseli, bila kuyagusa meno ya ekseli, kisha tindo ipanue ule mkato. Miwani machoni ni lazima. Nati ni ya fedha kidogo. Ekseli ni ya fedha nyingi.

Bwana huyu ataja pia skrubu mbili za kifuniko cha injini ambazo vichwa vyake vimeanza kulika. Hapa adui ni mwingine. Skrubu ni ya chuma nacho kifuniko ni cha alumini, na madini hayo mawili yakiloana pamoja alumini huliwa, ikatoa unga mweupe unaoganda menoni. Lakini alumini ina tabia itufaayo: ikipata joto hupanuka karibu maradufu ya chuma. Ufito wa mita moja ukipashwa moto kwa digrii 100 huongezeka yapata milimita 2.3 ukiwa wa alumini, na 1.2 ukiwa wa chuma. Kwa hiyo birika la maji yanayochemka, likimiminwa polepole juu ya kifuniko, huilegeza skrubu bila hatari ya moto. Kwetu katika nyanda za juu maji huchemka kabla ya kufika digrii 100, lakini yatosha. Katika nchi ya chai birika halikosekani.

Na bisibisi je? Bisibisi ya msalaba tuliyoizoea ni ya namna ya Henry Phillips wa Marekani, aliyepata haki ya ubunifu wake mwaka 1936. Ikizidishiwa nguvu hupanda juu na kuteleza. Wajapani wana msalaba wao, unaofanana nao ila haulingani. Pikipiki nyingi za Kihindi zina nasaba hiyo, kwani Bajaj ilishirikiana na Kawasaki, na TVS na Suzuki, katika miaka ya 1980. Ukiona kitone kidogo kichwani mwa skrubu, tafuta bisibisi ya Kijapani. Ukiikosa, iliyopo ipigwe kwanza kwa nyundo ikae barabara katika msalaba. Bora zaidi ni ile bisibisi nene ya chuma ambayo ukiipiga juu hujizungusha yenyewe kidogo; fundi wa jirani huenda akakuazima.

Wakati wa kufunga, ekseli ifutwe na kupakwa grisi nyembamba, mbali na breki. Skrubu za kifuniko zikazwe kwa mkono mwepesi, kwa maana meno ya alumini hukatika upesi. Nati ya ekseli ikazwe barabara, na kama ni ya pini iwekewe pini mpya, si msumari. Kisha aiendeshe peke yake mpaka Litein na kurudi, aishike nati kwa spana kuona kama imesogea, ndipo awapakie watoto.