Hisabati ya chuoni si ya wenye macho peke yao

Hebu fumba macho kidogo, ndugu msomaji. Usichungulie. Sasa mwombe mtu akusomee hesabu hii: "Moja juu ya x, jumlisha mbili. Ikiwa x ni mbili, jibu ni ngapi?"

Kama umepata robo, basi umeijumlisha x na mbili kwanza, ukagawanya moja kwa nne. Kama umepata mbili na nusu, umegawanya moja kwa x kwanza, kisha ukaongeza mbili. Ukisikiliza kwa masikio, majibu yote mawili yanakubalika. Lakini kwenye karatasi jibu ni moja tu, na mwenye macho hulijua kwa kutazama mstari wa sehemu umeishia wapi. Vyuoni tunasoma kwa Kiingereza, lakini utata ni ule ule.

Hesabu za namna hiyo ndizo zilizomponza rafiki yangu. Tumekua pamoja hapa Kikambala, upande wa Majengo, na tulikuwa tukipanda matatu moja kwenda kusomea uhasibu katika chuo kimoja hapa Pwani. Yeye haoni tangu utotoni. Kwenye mtihani wa hisabati ya biashara alipewa mtu wa kumsomea maswali. Kijana mwema tu, lakini aliisoma karatasi kama anayesoma gazeti. Mabano hakuyataja, vipeo hakuvitaja, wala hakusema sehemu inaanzia wapi na kuishia wapi. Rafiki yangu aliuliza mara moja, akauliza mara ya pili, akaambiwa muda unakwenda. Matokeo yalipotoka, alikuwa ameanguka. Ofisini wakamshauri kwa upole abadilishe kozi, achukue "kitu chepesi".

Sasa sikiliza hii. Huyo aliyeanguka ndiye aliyekuwa akinifundisha mimi hesabu za riba, tumekaa chini ya mwembe kwao. Mwanafunzi akapita, mwalimu akaanguka. Hapo ndipo nilipojua kwamba tatizo halikuwa hisabati, na wala halikuwa macho yake. Tatizo ni jinsi hisabati inavyofikishwa kwake.

Nenda kaketi darasa lolote la hesabu chuoni, usikilize mhadhiri. "Chukua hii, uipeleke huku, hii na ile zinafutana, unabaki na hii." Hii ipi? Ile ipi? Ukiwa huoni ubao, hapo umepewa nini? Baadaye notisi zinatumwa kwenye kundi la WhatsApp, nazo ni picha za daftari zilizopigwa kwa simu. Programu ya kusoma skrini ikifika kwenye picha kama hiyo, mara nyingi hutaja jina la faili tu, basi.

Wenzetu viziwi nao wana yao. Mhadhiri anaongea huku ameupa ubao uso na darasa mgongo. Mwanafunzi ana macho mawili tu: ayaelekeze kwa mkalimani au kwa hesabu inayoandikwa? Na mkalimani mwenyewe, hata awe hodari vipi wa lugha ya ishara, kama hakuisoma takwimu atalazimika kutamka kila istilahi herufi kwa herufi kwa vidole. Hapo hesabu ishafika mstari wa tano. Anayetumia kiti cha magurudumu naye anaweza kuwa bingwa wa kalkulusi, lakini darasa liko ghorofa ya pili na ngazi ni zile zile.

Usiniambie kwamba hisabati haiwezekani bila macho. Nicholas Saunderson wa Uingereza alipofushwa na ndui akiwa mtoto mchanga, na mwaka 1711 akawa profesa wa hisabati Chuo Kikuu cha Cambridge, kwenye kiti kile kile alichowahi kukalia Isaac Newton. Alijitengenezea ubao wa pini wa kukokotolea kwa vidole. Kule Marekani, Abraham Nemeth, aliyezaliwa kipofu, alifundisha hisabati chuo kikuu na akabuni mfumo wa Breli wa kuandika hesabu unaotumika hadi leo. Ndani ya mfumo huo, sehemu ina alama ya kuanzia na alama ya kumalizia. Yaani lile swali la robo au mbili na nusu lilishapata dawa kitambo.

Hata sheria zetu hazijanyamaza. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika katika taasisi za elimu, kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine inayomfaa, na kupata vifaa vya kumwezesha. Mwaka 2025 tukapata Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu mahali pa ile ya 2003. Na hawa si watu wa kuhesabika kwa vidole. Sensa ya 2019 ilipata Wakenya zaidi ya 900,000 wa miaka 5 na kuendelea wanaoishi na ulemavu. Karatasi tunazo. Kinachokosekana ni mtu wa kuzitekeleza darasani, Jumatatu asubuhi.

Najua wakuu wa vyuo watasema pesa hakuna. Ni kweli, printa ya Breli ni ghali, na mkalimani lazima alipwe. Lakini mhadhiri akisema "fungua mabano, x jumlisha mbili, funga mabano" badala ya "hii", amelipa shilingi ngapi? Kuchapa notisi kama maandishi ya hisabati badala ya kupiga picha daftari kunataka muda, si mamilioni. NVDA, programu ya kusoma skrini iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na kijana asiyeona, hupatikana bure, na kwa kiongezo kinachofaa huweza kusoma milinganyo kwa sauti ikiwa imechapwa ipasavyo. Grafu inaweza kutengenezwa kwa ubao laini, pini na uzi, ikafuatwa kwa vidole. Darasa lenye mwanafunzi wa kiti cha magurudumu laweza kuhamishiwa chini kwa kubadilisha ratiba tu. Na istilahi za wiki ijayo zikimfikia mkalimani mapema, yeye na mwanafunzi watakubaliana ishara kabla ya somo.

Kwenye mtihani, mtu wa kusoma maswali awe ameisoma hisabati yenyewe, na akutane na mtahiniwa siku kadhaa kabla, wazoeane. Wapo wanaohofia kwamba huko ni kupendelea. Hapana. Hakuna anayeomba swali jepesi wala alama za bure. Swali libaki gumu vile vile, ila limfikie mwanafunzi kama lilivyoandikwa.

Na sisi vijana tusijifiche nyuma ya wahadhiri. Hizo picha za notisi ni sisi tunaozituma. Ukichapa ukurasa mmoja kwa wiki, na mwenzako ukurasa mmoja, muhula ukiisha kitabu kimekamilika. Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Barabara hii yetu ya Mombasa kwenda Malindi, na bodaboda zetu hizi, unajua mwenyewe. Unayemtengenezea njia leo kesho anaweza kuwa wewe.

Rafiki yangu amekataa kubadilisha kozi. Ameomba kuurudia mtihani ule ule, na safari hii ameandika barua akitaka msomaji anayejua hesabu. Hadi leo hajajibiwa. Jioni tunakutana pale pale chini ya mwembe: mimi nasoma maswali kwa sauti, yeye ananisahihisha kila ninaposahau kutaja mabano.