Pamba Yetu, Kitambaa cha Wengine

Siku niliyostaafu ukuu wa chuo cha ualimu nilivishwa kitenge. Wanachuo walishangilia, mama watoto akapiga vigelegele. Nyumbani, nilipokivua, nikasoma maandishi ya pindoni: kimetoka ng'ambo. Mimi, mtoto wa mkulima niliyelipiwa karo kwa pamba, nimevishwa heshima kwa pamba ya watu wengine!

Ndugu msomaji, Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa pamba nchini. Hapa Bariadi tunapalilia, tunapulizia dawa, tunavuna, tunapima. Vinu vinatenganisha mbegu na nyuzi, robota linapanda lori, nasi kazi yetu imekwisha. Sehemu kubwa ya nyuzi hizo huuzwa nje zikiwa ghafi. Bei ikianguka huko, mtoto wa Dutwa anakosa daftari.

Nikisema tufume, wasomi wenzangu hucheka. Eti ufumaji wa mkono ni mambo ya kale, tungoje kiwanda kikubwa. Tumengoja! Urafiki ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, Mwanza nako kukawa na Mwatex, na mkulima wa Bariadi bado anauza pamba ghafi. Sikatai viwanda. Nakataa kukaa tukikodoa macho barabarani.

Na hayo mambo ya kale ni ya nani? Burton alipofika Unyamwezi mwaka 1857 aliwakuta watu wakifuma nguo za pamba kwa mikono yao. Hao ni ndugu zetu Wasukuma. Kilichowaangusha ni merikani, kitambaa cha Marekani kilichokuja na misafara hata kikawa fedha. Ujinga haukuwamo.

Thailand nako wanavijiji walikuwa na hariri yao ya kufuma kwa mkono. Mwaka 1976 Malkia Sirikit alianzisha taasisi ya kuwasaidia mafundi wa vijijini wapate mafunzo na soko. Hariri ile haishindani na nguo rahisi. Ni kazi ya mkono, inauzwa kwa bei ya kazi ya mkono. Kwetu watalii wanapita Lamadi kwenda lango la Ndabaka, waingie Serengeti. Wananunua nini? Soda.

Kitanda cha mfumi ni mbao na kamba. Seremala yeyote akionyeshwa atakiunda. Ugumu uko kwenye uzi. Kusokota kwa mkono kunachosha, na mfumaji mmoja humaliza kazi ya wasokotaji kadhaa. Basi mkopo wa kuombwa na vikundi vya akina mama ni wa mashine ndogo ya kusokotea, na wa rangi isiyochuja. Kitambaa kinachochuja mtu hanunui mara ya pili, hata ukimwimbia uzalendo.

Mimi mwenyewe sina usafi katika jambo hili. Chuoni kwetu kilikuwapo kitanda kimoja cha kufundishia. Miaka yote ya ukuu wangu nilikipita nikienda ofisini, nikihimiza kujitegemea kwenye mikutano. Juzi nilikwenda kukiulizia. Nikapelekwa stoo: kipo, kimefungwa mtande ule ule niliouacha, na juu yake wamepanga viti vibovu. Viti hivyo niliamuru mimi vipangwe hapo.