Mlio wa Mbele Watoka Wapi?

Katika parokia nyingi za Kivu na Maniema motokari ni moja tu. Ndiyo impelekayo padre vigangoni, ndiyo iletayo dawa, ndiyo imbebayo mama mwenye uchungu usiku wa mvua. Kwa hiyo inapoanza kulia kwa mbele kila mtu husikia, na kila mtu hutoa hukumu yake. Mara nyingi hukumu ni moja: difu imekufa! Basi fundi huitwa, difu hufunguliwa, sadaka ya waamini huisha, na mlio hubaki palepale. Sisi tumeona gari la zahanati ambalo difu yake ilifunguliwa mara mbili, kumbe ugonjwa ulikuwa katika beringi ya gurudumu la kushoto. Yafaa mlio usikilizwe kwanza, ndipo spana ishikwe.

Difu ni kile kichwa kinene cha chuma kilichoshikamana na ekseli. Ndani yake gia ndogo huzungushwa na kardani, yaani ule mlingoti wa chuma utokao kwenye giya boksi, nayo hulizungusha gurudumu kubwa la meno. Ndani zaidi zimo gia nyingine nne au mbili, ndogo sana, zinazoliruhusu gurudumu la kulia na la kushoto kwenda kwa mwendo usio sawa. Kwa maana gari likikata kona, gurudumu la nje lina njia ndefu kuliko la ndani. Akili hiyo si ya jana. Yapata miaka 200 iliyopita Mfaransa Onésiphore Pecqueur, aliyekuwa fundi wa saa, aliitia katika gari la mvuke.

Tutwae mfano wa Toyota Land Cruiser ya namna ya 70, iliyoanza kuundwa mwaka 1984 na inayojulikana sana katika misheni zetu. Tunasema juu ya zile zenye habu za kuzungushwa kwa mkono pale katikati ya magurudumu ya mbele. Habu hizo zatupa jaribio ambalo halitaki hata senti moja. Zifungueni zote mbili ziwe huru, wekeni mkono wa giya kwenye H2, mwende katika njia ngumu iliyonyoka. Sasa difu ya mbele imelala, na kardani yake imelala pamoja nayo. Kama mlio ungalipo, msiishitaki difu tena. Kisha simameni, mfunge habu, lakini mkono ukae palepale kwenye H2. Sasa magurudumu huizungusha difu, ila haivuti mzigo. Mlio ukizaliwa hapa, watoka katika kitu kinachozunguka tu: beringi za difu, au krosi, kile kiungo cha kardani chenye umbo la msalaba. Mwisho ingizeni H4 juu ya udongo au changarawe, mkakanyage mafuta. Mlio unaokuja wakati wa kuvuta na kubadilika mara mnapoachia, huo ndio wa meno ya gia.

Magari yanayovuta daima kwa magurudumu manne, kama Land Rover Defender ya zamani, hayawezi kupimwa hivyo. Hayo yataka sikio zaidi.

Na sikio hufundishika. Meno yaliyolika hulia kwa sauti nyembamba, kama mbu aliyefungiwa chupani. Beringi hunguruma, ngurumo yake hufuata mwendo wa gari, wala haijali kama mwakanyaga mafuta au mwaachia. Beringi ya gurudumu la kulia huzidi kunguruma mnapopinda kushoto, kwa kuwa uzito wote humwegemea yeye. Sauti ya ta-ta-ta, isikikayo gari likivuta huku usukani umekatwa sana, ni ya kile kiungo kilicho ndani ya tufe la chuma nyuma ya gurudumu. Kishindo kimoja wakati wa kuondoka ni krosi iliyolegea. Tena yako matairi ya matope, ambayo kelele yake hubadilika mnapotoka kwenye lami na kuingia udongoni. Kelele ya gia haijui njia ni ya namna gani.

Kuna mlio mmoja ambao si ugonjwa, ni kosa la dereva. Ni kule kwenda na H4 juu ya lami kavu. Katika kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na gari hili halina difu ya kati ya kuyapatanisha. Chuma hujisokota, usukani huwa mzito, mara husikika kishindo, na mkono wa giya hukataa kutoka. Rudini nyuma mita chache kwa kunyoka, nao utatoka.

Mkiwa bado na shaka, fungueni oili ya difu. Fungueni kwanza tundu la juu la kujazia, maana akimwagaye oili kwanza kisha akakuta tundu la juu limeshika kutu, gari lake limelala hapo. Uji wa kijivu kwenye sumaku ya kizibo ni kawaida. Vipande vinavyokwaruza kidole si kawaida kabisa. Hapo ndipo fundi aitwe. Oili nyeupe kama maziwa imeingiwa na maji. Hayo huingia hivi: ekseli imepata moto, gari laingia mtoni, hewa ya ndani hupoa ghafula na kunywea, ikiwa kile kipumulio kidogo juu ya ekseli kimezibwa na matope, hewa huvutwa kupitia sili pamoja na maji. Kusafisha kipumulio ni kazi ya dakika 5.

Wala mtu asiwashe injini na kuingiza H4 hali magurudumu ya mbele yako juu ya jeki. Ya nyuma yataisukuma gari, nayo itamwangukia aliye chini.

Ikiwa mlio wa meno umewashika safarini, tuseme katika njia ya Shabunda, mbali na kila fundi, fungueni habu zote mbili, rudisheni H2, mwende polepole kwa magurudumu ya nyuma. Difu itapumzika mpaka nyumbani. Penye mlima wa matope msijaribu kupanda hivyo. Ngojeni jua likaushe njia.