Supu ya Kuku na Mahindi ya Kuchoma: Yafaa Irudi Nyumbani



Katika miji yetu supu ya kuku ina makazi yake, na makazi hayo aghalabu si nyumbani. Ukipita asubuhi Buguruni, Manzese au Kariakoo utayaona mabenchi yamejaa wanaume waliokwisha agiza bakuli la supu na chapati mbili kabla ya kuingia kazini. Hapana ubaya mfanyakazi kuianza siku kwa chakula chenye nguvu. Lakini katika nyumba aliyotoka bwana huyo, watoto wameondoka kwenda shule na kikombe cha chai ya rangi na kipande cha mkate, na mama yao amekunywa kilichobaki katika birika.

Hali kadhalika mahindi ya kuchoma. Hayo nayo tumeyaachia kituo cha basi: hindi moja hununuliwa, hutafunwa njiani, na gunzi likatupwa mtaroni kabla mlaji hajafika kwake. Leo nakusudia kuvileta vitu hivi viwili pamoja, kuku na hindi la kuchoma, viingie katika sufuria moja, nyumbani kwako, siku ya Jumapili ambapo watu wote wa nyumba wapo. Utapata supu nzito yenye harufu ya moshi, na kuku mmoja atawatosha watu saba bila mtu kumtazama mwenziwe sahani.

Neno hili la sahani si dogo. Kuku anapopikwa vipande vipande, kila kipande huwa na mwenyewe kabla sufuria haijaepuliwa. Firigisi na paja ni vya baba, kidari ni cha mgeni, na wadogo hujikuta na shingo, mabawa na mchuzi. Mama aliyesimama jikoni tangu asubuhi hula mwisho, tena mara nyingi hula alichokikwangua. Ila mtoto anayekua na mama anayenyonyesha ndio wenye haja kubwa zaidi ya nyama hiyo. Katika supu ninayoieleza leo nyama huchambuliwa yote ikatoka mifupani, ikachanganywa na mahindi, na kila upawa unaoteka huteka kwa haki. Haihitaji hotuba; upawa wenyewe ndio mwamuzi.

Tena mahindi na kuku wamefaana kwa sababu nyingine. Mahindi hutia mwili nguvu, lakini protini yake ina upungufu, na mtu anayekula mahindi peke yake siku zote hawezi kujenga mwili barabara. Kuku huyakamilisha mapungufu hayo, hata akiwa kidogo. Jina la mahindi hutufanya tufikiri yalitoka Uhindi, kumbe asili yake ni Mexico, ambako watu walianza kuyalima maelfu ya miaka iliyopita. Yalifika Afrika baada ya Wareno kuanza safari zao za kuvuka bahari ya Atlantiki. Wenyeji wa huko mpaka leo huyaloweka kwa chokaa kabla ya kuyasaga, nao huyapika pamoja na maharage. Walijua zamani kwamba hindi hutaka mwenzi.

MAHITAJI KWA WATU SITA AU SABA

Kuku mmoja wa kilo moja na robo hadi moja na nusu, mahindi mabichi sita, nyanya tatu zilizoiva, vitunguu maji viwili vikubwa, kitunguu saumu, punje nne, tangawizi kipande cha urefu wa kidole gumba, pilipili hoho moja, karoti moja, viazi mviringo vitatu, nazi moja, bizari nyembamba kijiko kimoja cha chai, pilipili manga nusu kijiko cha chai, ndimu mbili, chumvi, na maji lita mbili na nusu. Asiye na nazi atumie kikombe kimoja cha maziwa ya ng'ombe, na asiye na chochote katika hivyo viwili asijali, kwa kuwa uzito wa supu hii unatokana na mahindi yenyewe.

Katika kuchagua mahindi, fungua ganda kidogo ubonyeze punje kwa ukucha. Ikitoa maji matupu, hindi ni changa mno. Ikitoa maziwa, hilo ndilo. Ikigoma ukucha, hilo limekwisha komaa, lifaa kuchemshwa muda mrefu. Yapike siku ile ile uliyonunua, maana utamu wa hindi bichi hupungua kadiri linavyokaa baada ya kuvunjwa shambani.

Kuhusu kuku, wa kienyeji ana ladha zaidi, nao mchuzi wake ni mzito, lakini hutaka saa moja na nusu hata mbili motoni. Wa kisasa huiva kwa dakika arobaini, na akizidishwa husambaratika. Basi chagua kwa kuangalia mfuko wako na saa yako pia.

MOSHI MZURI NA MOSHI MBAYA

Siri ya chakula hiki ni moshi, na si kila moshi unafaa kuliwa. Moshi wa mafuta ya taa, wa mfuko wa plastiki au wa kipande cha kandambili kilichotumika kuwashia jiko ni sumu, tena hukaa katika nyama. Washa jiko kwa karatasi na vijiti vikavu, kisha ngoja makaa yashike yote na kuvaa jivu jeupe juu. Hapo ndipo uweke wavu. Harufu tunayoitafuta hutokana na mafuta ya kuku yanayodondoka juu ya kaa, na punje za hindi zinazobabuka. Ukitaka kuizidisha, twaa maganda mawili mabichi ya hindi uyaweke pembeni mwa makaa, yafuke taratibu.

Nakuomba, ndugu msomaji, usipite haraka hapa. Jiko la mkaa liwe uani, barazani au mahali penye upepo. Watu wengi wa mijini tunaishi katika chumba kimoja, na mvua inapokunya kuna kishawishi cha kuliingiza jiko ndani na kufunga mlango. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na jamaa nzima inaweza kulala nayo isiamke. Makaa yaliyokwisha vaa jivu na kuacha kufuka moshi bado huitoa hewa hiyo. Usilale na jiko ndani, hata likionekana limekufa.

Na wale waliokwisha hamia kwenye gesi wasione wameachwa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati iliyo safi, na mapishi yetu nayo hayana budi kufuata. Mwenye gesi apashe kikaango kizito bila mafuta mpaka kiwe cha moto sana, amwage humo punje za mahindi zilizokwisha katwa, aziache bila kuzikoroga mpaka zipate madoa meusi, ndipo azigeuze. Kuku naye amkaushe katika kikaango hicho hicho, ngozi ikiwa chini. Moshi utakuwa mdogo kuliko wa makaa, lakini ladha ya kubabuka utaipata.

NAMNA YA KUPIKA

Kwanza, mkate kuku vipande vinne vikubwa. Mpake chumvi, maji ya ndimu moja na nusu ya saumu iliyopondwa, kisha mwache nusu saa. Kisu, ubao na mikono iliyomgusa kuku mbichi ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa kitu kingine.

Pili, choma kuku juu ya makaa kwa dakika kumi na tano, ukimgeuza, mpaka ngozi iwe ya kahawia na mafuta yaanze kudondoka. Hataiva ndani, wala hatukusudii aive. Kwa hiyo akitoka kwenye wavu aingie sufuriani papo hapo. Usimchome asubuhi ukamwacha nusu mbichi hadi jioni, kwani hivyo ndivyo matumbo ya watu yanavyoharibika.

Tatu, moto ungali mkali, choma mahindi manne. Yageuze mpaka kila upande upate madoa meusi bila kuwa mkaa. Kazi hii wamwachie baba au vijana wa kiume; vituoni wapo wanaume wanaochoma, basi isiwe haya kuifanya nyumbani. Pembeni choma nyanya na vitunguu vikiwa na maganda yake. Maganda yakishaungua yamenye, utupe yaliyo meusi, na nyama ya ndani uiponde.

Nne, mtie kuku katika sufuria pamoja na maji, tangawizi na saumu iliyobaki, ubandike juu ya makaa yale yale. Kwa njia hii moto mmoja umefanya kazi mbili. Yakishachemka, engua povu, funika, na punguza moto. Wakati huo zikate punje za mahindi yaliyochomwa kwa kisu kikali, ukilisimamisha hindi wima. Magunzi usiyatupe! Yavunje vipande viwili viwili uyatumbukize sufuriani. Gunzi la kuchoma lina utamu na moshi ambao meno hayawezi kuufikia, ila maji yanaweza.

Tano, kata punje za mahindi mawili mabichi yaliyobaki uzitwange katika kinu mpaka ziwe uji. Huu ndio unga wa supu yako, nao unatosha. Hapana haja ya kununua kitu kingine cha kuifanya nzito.

Sita, kuku akiiva mtoe, uchambue nyama yote kwa vidole. Mifupa irudi sufuriani ichemke pamoja na magunzi dakika ishirini zaidi, kisha chuja mchuzi. Katika mchuzi huo tia nyanya na vitunguu vilivyopondwa, bizari, pilipili manga, viazi na karoti vilivyokatwa vidogo, na pilipili hoho. Viazi vikikaribia kulainika, tia punje za kuchoma pamoja na ule uji wa mahindi mabichi. Koroga mara kwa mara kwa dakika kumi na tano, kwa kuwa mahindi hupenda kushika chini, na supu iliyoungua chini hunuka moshi usiotakiwa.

Mwisho, rudisha nyama, na mara itakapochemka tena mimina tui zito. Tui lisitokote kwa nguvu, lisije likakatika. Onja chumvi, epua, na ukamulie ndimu mezani. Supu iliyo sawa huacha alama nyuma ya mwiko, wala haimwagiki kama maji.

WADOGO NA MABAKI

Mtoto aliyetimiza miezi sita, anayeanza chakula, atengewe sehemu yake kabla ya pilipili na chumvi kuzidi, nayo ipondwe hadi iwe laini kabisa. Punje nzima ya hindi inaweza kumkaba mtoto mdogo, na kipande chembamba cha mfupa vivyo hivyo. Ndiyo maana nimesisitiza kuchuja.

Katika joto la Dar es Salaam au Tanga, supu isikae mezani zaidi ya saa mbili. Mkijua haitaisha, tengeni sehemu ya kesho kabla ya kutia tui, maana tui huchacha upesi. Asiye na friji aipashe jioni mpaka itokote vema na kuimaliza usiku huo huo. Mwenye friji aipashe kesho yake, nayo itokote, isiwe ya vuguvugu tu. Kwa wengi supu hii hunoga zaidi siku ya pili, moshi ukishatulia.

Yaweza kuliwa na mkate, chapati, ndizi za kuchemsha au ugali wa jana uliokatwa vipande na kubabuliwa juu ya wavu. Wenye shida ya fedha wanaweza kutumia nusu ya kuku na kuongeza kikombe cha maharage yaliyochemshwa. Protini ya maharage nayo huyasaidia mahindi vizuri. Wazee wetu walisema mchele mmoja, mapishi mbalimbali, nami naongeza kwamba kuku ni mmoja, ila vinywa ni mbalimbali, na kila kinywa kina haki.

Basi, bwana wa nyumba, juma hili hesabu fedha unazolipa kila asubuhi kwa bakuli lako la supu. Ziweke kando, siku baada ya siku, hadi Jumamosi jioni, kisha upitie sokoni. Si ajabu ukakuta kuku umekwisha mnunua, na mahindi juu yake. Jumapili kaa wewe kwenye wavu, mama apumzishe miguu, na atakayeshika upawa awe yule aliye mdogo kuliko wote katika wanaoweza kuushika bila kujiunguza. Yeye hajajua bado firigisi ni ya nani.